Meza ya Vitabu vya Kubadilisha, Samora: Tathmini ya Mama na Watoto Wake

Katika Barabara ya Samora, katikati ya jiji la Dar es Salaam, chini ya baraza la jengo mojawapo la zamani, yupo mzee anayeuza vitabu vilivyotumika. Pamoja na kuuza, anatoa huduma ambayo sijaikuta katika duka lolote la vitabu vipya: ukimrudishia kitabu ulichokinunua kwake, anakipokea kwa nusu ya bei uliyolipa, kisha anakupa kingine kwa kuongeza fedha kidogo. Vitabu vyembamba vya hadithi huanzia shilingi 3,000, riwaya nene huwa kati ya 5,000 na 10,000, na nyongeza ya kubadilisha ni nadra kuzidi 2,000. Hamuulizi mteja kama amekimaliza kitabu anachokirudisha.

Jambo hilo la mwisho ndilo lililonifanya niwe mteja wake wa kudumu, na ndilo kigezo nitakachokitumia kuipima meza yake. Watu wengi wakitathmini mahali pa kuuzia vitabu hutazama wingi wa vitabu, bei na mpangilio. Mimi nina watoto wawili, mmoja wa kike yuko kidato cha pili na mwingine wa kiume yuko darasa la tatu, na ninachokihitaji ni mahali panapoweza kuwahudumia wasomaji ambao mapenzi yao hayatulii. Mtoto aliyekuwa akiomba asomewe hadithi ileile ya sungura na fisi kila usiku huamka siku moja ameichoka, na hatoi taarifa. Mzazi aliyelipa shilingi 20,000 kwa kitabu kipya huona uchungu mtoto anapokiacha njiani, humlazimisha akimalize, na ninaamini kwamba wasomaji wengi tumewapoteza hapo. Mzazi aliyelipa 3,000, huku akijua kwamba 1,500 zitarudi, humwacha mtoto aende zake.

Kwa watoto wadogo, hata hivyo, meza hii ni dhaifu. Yapo maboksi mawili chini yaliyojaa vitabu vya picha, lakini karibu vyote ni vya Kiingereza, vina mihuri ya maktaba za shule za Uingereza na Marekani, na ndani yake kuna theluji, majumba yenye mabomba ya moshi na wanyama ambao mwanangu hajawahi kuwaona hata kwa jina. Anavifungua, anatazama picha, anavirudisha kwenye boksi. Vitabu vya Kiswahili vya umri wake havifiki hapa kwa sababu inayoeleweka: huchanika mikononi mwa watoto kabla ya kupata nafasi ya kuuzwa mara ya pili. Nchi haikosi waandishi wa kazi hiyo, kwani tangu mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto umekuwa ukiwasaidia waandishi na wachapishaji kutoa vitabu vya Kiswahili vya umri huo. Kwa hiyo, mwenye mtoto wa chini ya miaka tisa namshauri asisumbuke na maboksi hayo. Aingie duka la vitabu la TPH (Tanzania Publishing House), ambalo liko Samora hiyohiyo, au atembee hadi Maktaba Kuu ya Taifa katika Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ambayo Mwalimu Nyerere aliifungua tarehe 9 Desemba 1967 na ambayo ina sehemu ya watoto. Hapo maktaba mtoto atachagua, atachoka na atachagua tena bila mama kununua kitabu kila mara.

Mzee wetu ana kasoro nyingine inayowahusu watoto wa umri huo. Swali lake la kwanza kwa kila mzazi ni, "Yuko darasa la ngapi?" Ukimjibu, mkono wake unakwenda kwenye rundo fulani bila kumtazama mtoto mwenyewe. Mwanangu wa darasa la tatu anapenda habari za meli na treni, na kwa ajili ya kujua injini inavyofanya kazi yuko tayari kuhangaika na sentensi zinazomzidi umri, lakini hadithi ya watoto wenzake waliokwenda kumtembelea bibi haimwondoi alipo. Darasa linaeleza mtoto amefundishwa nini. Halielezi anataka kujua nini. Nilimwambia mzee hivyo, akacheka, akasema wazazi wengine wanakasirika asipouliza.

Meza hii inaonyesha thamani yake kwa wasomaji wa miaka 12 hadi 16, na hapo nitakaa zaidi, kwa kuwa ndio umri ambao katika mji wetu usomaji wa kujifurahisha hufa. Sababu yake kubwa haifichiki. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili kwa miaka saba, na akifika darasa la saba anaweza kuimaliza hadithi ya kurasa 80 kati ya Ijumaa jioni na Jumapili. Mwaka unaofuata yuko kidato cha kwanza, na masomo karibu yote isipokuwa Kiswahili chenyewe yanafundishwa kwa Kiingereza. Akili yake imeshakua na inataka mapenzi, uhalifu, dhuluma, wazazi waliokosea na marafiki waliosalitiana. Kiingereza chake bado kiko kwenye paka aliyekaa juu ya mkeka. Kitabu cha Kiingereza anachokimudu kinamdharau, na kile kinachomheshimu hakimudu. Watu wazima huona mtoto ameacha kusoma, wakailaumu simu.

Mzee ana njia yake ya kulikabili tatizo hili, ingawa mwenyewe haiiti njia. Kwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza au cha pili anatoa vitabu viwili kwa pamoja: kimoja chembamba cha Kiingereza kilichorahisishwa kwa wanaojifunza lugha, na kimoja cha Kiswahili ambacho ni riwaya kamili ya watu wazima, isiyomhurumia. Cha kwanza kinamfunza lugha, cha pili kinalinda hamu yake isife wakati lugha ile nyingine inakua. Binti yangu alianza hivyo. Sasa anapofika pale mazungumzo yao huwa mafupi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kile cha juzi umekimaliza au kimekumaliza?"

Kilikuwa kimemmaliza sura ya tatu. Mzee alikipokea bila neno, akakifuta vumbi, akakiweka mahali pake, kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nimeanza kusema kitu kuhusu subira. "Mama, mwache. Ukimlazimisha atakuja kununua uchambuzi tu."

Wasomaji waliopita sekondari zetu wanavijua vitabu vya uchambuzi. Ni vijitabu vinavyoorodhesha dhamira, migogoro, wahusika, falsafa ya mwandishi na matumizi ya lugha ya kila riwaya na tamthiliya iliyomo kwenye mtihani, hivyo kwamba mwanafunzi anaweza kuandika insha nzuri kuhusu riwaya ambayo hajawahi kuishika. Mzee anaviuza pia. Vimepangwa mbele kabisa, na alikiri mwenyewe kwamba ndivyo vinavyolipa ushuru na chakula cha mchana. Simlaumu. Hata hivyo, mtu akitaka kuelewa kwa nini kijana mwenye miaka 17 anakwambia hapendi fasihi, aanze kwa kuvifungua vijitabu hivyo, aone jinsi mtoto anavyofundishwa kwamba hadithi ni ganda la kumenywa na kutupwa ili ipatikane dhamira.

Mshindani mwingine wa meza hii kwa umri huo ni hadithi za simu, zile zinazoandikwa sehemu kwa sehemu na kusambazwa katika makundi ya WhatsApp, ambapo msomaji hulipia kidogo ili atumiwe sehemu inayofuata. Binti yangu anazisoma na rafiki zake wanazisoma. Sina ugomvi nazo kama walio nao baadhi ya walimu, kwa sababu zinamweka kijana ndani ya Kiswahili katika miaka ambayo shule inamtoa humo, na mwandishi anayeishi kwa sehemu ya kesho hujifunza haraka namna ya kumshika msomaji. Ninachokiona ni kwamba kila sehemu hulazimika kuishia penye mlango unaogongwa au simu inayoita, na msomaji aliyezoea mwendo huo hushindwa na riwaya inayotumia kurasa 30 kumtambulisha mtu mmoja. Kile kitabu kilichommaliza binti yangu sura ya tatu kilikuwa cha aina hiyo. Nimekirudia mimi, na ni kizuri. Miaka mitano ijayo huenda akakiomba mwenyewe.

Rafu ya juu, iliyofunikwa kwa nailoni, ina vile vitabu vidogo vya upelelezi ambavyo viliwalea wasomaji wa Dar es Salaam kwa miongo kadhaa. Hapo utamkuta Willy Gamba wa Elvis Musiba, ambaye alianza kazi katika riwaya ya mwaka 1974, Joram Kiango wa Ben Mtobwa, na mara chache Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, mpelelezi wa Unguja mwenye kiko chake. Sisi tuliosoma sekondari miaka ya tisini tuliviazima kwa zamu ya usiku mmoja mmoja, na ulikuwa umri wa kutaka kujua nani ameua, basi. Mazungumzo tuliyaruka, maelezo ya mitaa tuliyaruka, tukakimbilia kurasa za mwisho.

Nimevisoma tena kwa nakala za mzee huyu, na vimegawanyika. Baadhi ya zile hadithi za majasusi zimenichosha. Wanawake wake ni wazuri kupita kiasi na wanakufa mapema, shujaa hajeruhiwi mahali panapouma, na mwendo wa risasi ulionikosesha usingizi nikiwa na miaka 15 sasa unanisinzisha. Kwa Bwana Msa imekuwa kinyume. Utambuzi wa muuaji ndio uliopungua utamu, lakini yale mazungumzo ya barazani niliyokuwa nikiyaruka yamekuwa ndiyo kitabu chenyewe: namna watu wanavyokwepa swali kwa heshima, namna ukoo unavyoficha aibu yake nyuma ya maamkizi marefu. Kitabu hakikubadilika hata herufi.

Lawama yangu kuhusu rafu hiyo ni bei. Nakala iliyogeuka rangi ya chai huuzwa kwa shilingi 15,000 na zaidi, na haiingii katika utaratibu wa kubadilisha. Wanunuzi wake ni wanaume wa zaidi ya miaka 50 wanaozitafuta nakala za ujana wao, na mzee anawajua kwa majina. Biashara hiyo ni halali, lakini matokeo yake ni kwamba vitabu vilivyoandikwa ili kijana avinunue kwa fedha ya nauli na kuvikunja mfukoni vimekuwa vitu vya kuhifadhiwa, na vijana wenyewe wanavitazama kupitia nailoni. Nilimwomba atenge nakala mbili tatu zilizochakaa kabisa kwa ajili ya kubadilisha. Alisema atafikiri.

Kwa wasomaji wa miaka ya ishirini sina mengi. Rundo kubwa kuliko yote ni la vitabu vya mafanikio: namna ya kutajirika, namna ya kuamka alfajiri, namna ya kuwashawishi watu, namna ya kuacha ajira. Vinatoka haraka kuliko kitu kingine chochote, na vingi ni nakala za kudurufu, ambazo utazitambua kwa jalada linaloteleza na herufi zilizofifia. Ni umri wa kutafuta kazi, na kitabu kinachoahidi kazi kina haki ya kununuliwa. Ila nimegundua kwamba hivyo ndivyo vinavyorudishwa kwa kubadilishwa kuliko vingine vyote, mara nyingi vikiwa vimepigiwa mistari ya wino katika sura mbili za kwanza tu.

Baada ya umri huo meza inakuwa tamu tena, kwa sababu vitabu vya watu wazima havitoki ng'ambo. Vinatoka majumbani mwetu. Mtu akistaafu na kurudi mkoani, au akifariki na watoto wake wakagawana vyombo, rafu yake hubebwa kwenye maboksi hadi hapa, ikiwa na majina ya wamiliki na mihuri ya shule za sekondari ambazo zamani zilikuwa na maktaba za kujivunia. Katika boksi la namna hiyo nilipata nakala ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, riwaya iliyotoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku shuleni kwa muda, kisha ikaja kuruhusiwa na kusomwa madarasani. Tulipokuwa wasichana tuliisoma kwa ajili ya yale yaliyosababisha marufuku, na tulijua kurasa zake kwa namba. Tulikuwa upande wa Rosa bila kufikiri, na baba yake, Zakaria, alikuwa kwetu mtu mbaya wa hadithi, mwenye kumpiga binti kwa sababu ya barua ya mvulana.

Nimeisoma tena nikiwa na binti wa umri wa Rosa nyumbani. Zakaria bado ana makosa, na sasa nayaona makubwa zaidi kuliko nilivyoyaona wakati ule. Lakini nimemwona pia mtu mwenye hofu, ambaye hana njia nyingine ya kusema kwamba anaogopa isipokuwa mkono wake. Nilifunga kitabu nikaangalia simu ya binti yangu iliyokuwa mezani, ambayo nilikuwa nimekusudia kuipekua usiku huo. Sikuipekua. Kitabu hicho sijakirudisha kwa mzee na sitakirudisha, ingawa alishaniambia kuna mteja anakitaka.

Pamoja na hayo, meza inayotegemea vitabu ambavyo wengine wameachana navyo haiwezi kumtangulia msomaji. Humfuata kwa nyuma. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, na mwaka uliofuata wachapishaji Mkuki na Nyota walitoa Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya yake iliyofanywa na Ida Hadjivayanis. Sijakiona kitabu hicho katika meza ya mzee hata mara moja. Aliyekinunua bado amekishika. Msomaji ambaye ladha yake imefika kwenye kazi mpya za Kiswahili itambidi aingie dukani na alipe bei ya dukani, na nadhani ni haki alipe, kwa sababu waandishi hao hawapati hata senti moja kutokana na kubadilishana kwetu.

Kasoro za kawaida za biashara hii zipo. Kurasa hukosekana, na mzee hasemi mpaka uulize. Nimewahi kufika karibu na mwisho wa riwaya nikakuta sura nzima imenyofolewa, na aliponirudishia thamani yake yote alinitazama kama mtu aliyeonewa. Mpangilio hakuna, isipokuwa ule wa madarasa kwa upande wa watoto, hivyo mtu mwenye haraka atatoka mikono mitupu. Wakati wa masika turubai hufunika nusu ya meza kuanzia saa sita, na vitabu vya chini hupata unyevu. Kwa upande mwingine, mzee aliwahi kufanya kazi ya upangaji chapa kiwandani, na ustadi huo unaonekana: migongo iliyoachia anaigandisha upya kwa gundi na kitambaa, na vitabu alivyovitengeneza yeye vinadumu kuliko vipya. Baada ya zoezi la kuwapanga machinga la mwaka 2021 alipotea kwa muda, akarudi chini ya baraza hili kwa ruhusa ya mwenye jengo, na ameniambia ruhusa hiyo si ya maandishi.

Kwa anayetaka kwenda, Jumamosi kabla ya saa tano ndiyo saa nzuri, kwa kuwa mzee ana nafasi ya kuzungumza na maboksi mapya ya wiki yanakuwa bado hayajapekuliwa. Ukishuka mwendokasi Posta ya Zamani unafika kwa miguu. Malipo ni taslimu au kwa Lipa Namba. Fungua kila kitabu katikati na mwisho kabla ya kulipa, na umruhusu mtoto achague peke yake hata kama anachagua vibaya, maana kosa lake litakugharimu 1,500. Usibebe vitabu vya kiada vya zamani kwa matumaini ya kuvibadilisha. Tangu mtaala mpya ulipoanza kutumika Januari 2024 hapokei vya mtaala wa zamani kwa bei yoyote, na amewaambia wazi wazazi wanaobembeleza kwamba anayevitaka yupo jirani, anafungia karanga.